Alinitazama, kisha akakimbia: mbwa aliyepotea siku sita

Swali: "Daktari, naishi Kyaliwajjala, wilaya ya Wakiso. Mbwa wetu dume wa miaka mitatu, kahawia mwenye kifua cheupe, aliruka ukuta usiku wa mwaka mpya fataki zilipoanza. Leo ni siku ya sita. Hana kola, ilikuwa inamkwaruza shingo tukamvua. Tulipomnunua tuliambiwa ana chipu, lakini kliniki wanasema hawawezi kumfuatilia kwa setilaiti, wananificha? Juzi kijana wa boda alimwona kwenye bonde la mafunjo chini ya mtaa. Jana nikaenda na watu wanane, tukamwona kweli, nikamwita kwa jina. Alinitazama, kisha akakimbia. Amenisahau? Au ameshapata kichaa? Halafu kuna mtu amenipigia, anasema anaye Mukono, nitume 150,000 ya usafiri kwa simu. Jirani ananiambia nitulie tu, mbwa hurudi mwenyewe. Nifanye nini?"

Pole sana, ndugu yangu, wewe na watoto. Kabla ya mengine yote, kuna mambo mawili ya kuacha leo hii. Usirudi bondeni na watu wanane, na usitume hizo 150,000. Nitaeleza yote mawili, lakini yasisubiri mwisho wa jibu hili.

Hajakusahau. Siku sita hazifuti miaka mitatu kwenye kichwa cha mbwa. Sikio la mbwa husikia sauti nyembamba hadi mitetemo kama 45,000 kwa sekunde, na letu huishia kwenye 20,000 hivi. Fataki kwake ni mlipuko unaotoka juu, hauna harufu ya mtu wala mnyama, na hauna upande wa kuukimbia. Mwili humwaga homoni za hofu, moyo unaenda mbio, na akili inabaki na kazi moja tu: kuondoka. Ndiyo maana mbwa asiyewahi kuruka ukuta huuruka usiku huo, na asubuhi mwenyewe anausimamia ukuta akishangaa.

Hofu hiyo haiishi kelele zikiisha. Anayelala nje hulala kwa kushtukashtuka, hula kidogo, hufukuzwa na mbwa wenye mtaa wao na kurushiwa mawe. Baada ya siku mbili tatu anakuwa ameshajifunza kanuni moja, kwamba chochote kilichosimama wima na kumjia moja kwa moja ni hatari. Sasa jiweke mahali pake jana. Watu tisa wanateremka kwa safu, wanaongea, mmoja anapaza sauti. Jina lake analijua kwa ile sauti ya kumwita kula. Sauti ya mtu mwenye wasiwasi anayepiga kelele ni nyingine kabisa. Tena mbwa humthibitisha mtu kwa pua kuliko kwa macho, na kama upepo ulikuwa unakupiga usoni, harufu yako haikumfika. Macho yalimwambia labda ni wewe, pua haikuthibitisha, miguu ikaamua.

Kuhusu kichaa cha mbwa: kukimbia peke yake si dalili. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia, hubweka kwa sauti isiyo yake, hushindwa kumeza akatokwa na mate, huyumba, hung'ata vitu na watu bila sababu, mwishowe hupooza. Na hata kama aling'atwa na mbwa mgonjwa usiku ule ule wa mwaka mpya, virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari ambayo kwa mbwa huchukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Siku sita hazitoshi. Swali la maana ni lini alichanjwa mara ya mwisho, na hilo hukuandika. Hata hivyo tahadhari haina mjadala: yeyote atakayeng'atwa au kukwaruzwa katika kumkamata aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asipakwe pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kama kuna mmoja kati ya wale wanane aliyepata mkwaruzo jana, mpigie sasa hivi.

Kliniki hawakufichi chochote. Chipu ni kichupa cha kioo kama punje ya mchele, urefu milimita 12 hivi, kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Haina betri na haitumi habari popote. Mashine ya kuisomea ikisogezwa karibu, sentimita chache tu, huipa nguvu kidogo kwa mawimbi ya redio ya kilohezi 134.2, nayo hujibu kwa namba ya tarakimu 15. Basi. Tarakimu tatu za mwanzo ni ama za nchi, ambazo kwa Uganda ni 800, ama za kiwanda, na hizo huanza na 9. Haina jina lako, haina simu yako, wala haijui bonde la mafunjo liko wapi. Ili ikurudishie mbwa lazima kwanza mtu amkamate, ampeleke penye mashine, na namba ile iwe imeandikwa mahali pamoja na simu inayopatikana.

Hapo ndipo wengi hukwama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliangalia wanyama wenye chipu walioingia kwenye vituo vya kuhifadhi wanyama waliopotea: mbwa wenye chipu waliorudi kwao walikuwa asilimia 52.2, wakati kwa mbwa wote waliookotwa ilikuwa asilimia 21.9. Tofauti kubwa. Lakini pale mwenye mbwa aliposhindwa kupatikana, sababu iliyoongoza ilikuwa namba ya simu iliyokosewa au iliyokatwa. Kwetu ambako laini hubadilishwa kila mara, fikiria mwenyewe. Fungua kadi ya chanjo utafute stika yenye mistari na tarakimu 15. Ukiipata, mpigie aliyekuuzia umuulize chipu iliandikishwa wapi na kwa jina la nani. Mara nyingi inabaki kwa jina la muuzaji. Hilo unaweza kulirekebisha leo, mbwa akiwa bado nje.

Jirani yako ana ukweli nusu. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kati ya mbwa waliopotea na kupatikana, karibu nusu walipatikana kwa mwenyewe kuzunguka mtaani akitafuta, na mmoja kati ya watano alirudi mwenyewe. Waliopatikana kwa kibati cha shingoni au chipu walikuwa kama asilimia 15. Marekani si Wakiso, najua, lakini mwelekeo ni huo huo: kinachomrudisha mbwa ni macho ya watu walio karibu. Anayerudi mwenyewe kwa kawaida ni yule aliyetoka kufuata jike akamaliza haja zake, si yule aliyelipuka kwa hofu. Wako ni wa pili. Usitulie, ila ubadilishe namna ya kutafuta.

Bonde lile ni rafiki yako. Lina maji, lina pa kujificha, na hakuna magari. Mbwa akishapata mahali kama hapo hukaa, mradi hasukumwi. Akisukumwa atapanda upande wa barabara, na barabara ndiyo inayoua mbwa waliopotea kwa wingi. Kwa hiyo kazi yako wiki hii ni kumpa sababu ya kubaki palepale, kisha sababu ya kukusogelea.

Nenda peke yako, au apelekwe yule anayemlisha kila siku, kama ni kijana wa kazi basi awe yeye. Mbwa humfuata mwenye sahani kuliko mwenye risiti. Chagua sehemu moja ukingoni mwa mafunjo, karibu na alikoonekana, mbali na njia ya watu. Nenda alfajiri kama saa kumi na mbili kasoro, na jioni kama saa kumi na mbili, wakati ambapo mbwa mwenye woga huanza kutembea. Chakula kiwe kilekile anachokijua, na kiwe na harufu. Kama nyumbani anakula posho (ugali) na mukene (dagaa), chemsha mukene gizani kabla hujatoka ukabebe ungali moto, maana mvuke hubeba harufu mbali. Weka konzi mbili tu. Ukimwachia sinia zima atashiba usiku, na jioni ya pili hatakuwa na haja nawe, na mbwa wengine wa mtaa watahamia hapo. Kando ya chakula tandika fulana uliyolala nayo usiku mbili, na gunia au blanketi lake la bandani. Visifuliwe. Sabuni ya unga huondoa kitu kile kile unachotaka akinuse.

Kuzunguka chakula, mwaga jivu la jikoni au udongo laini, upana kama wa mkono pande zote, ulisawazishe kwa jani la mgomba. Asubuhi litakusomea habari. Unyayo wa mbwa una vidole vinne na alama za kucha mbele yake. Paka huficha kucha. Korongo wa Kampala hao wala taka huacha vidole virefu vilivyotawanyika kama matawi. Pima unyayo kwa kidole chako ulinganishe na alama zake zilizo kwenye saruji au matope ya nyumbani. Bila jivu utaona sahani tupu ufurahi, kumbe unalisha ndege.

Akishakuja kula mara mbili mfululizo mahali palepale, anza kubaki. Kaa chini, hatua kama thelathini kutoka kwenye chakula, upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwenye mafunjo. Keti kwa ubavu, usimkabili, usimtazame machoni, usimwite. Kula chapati yako taratibu, mfuko ukwaruzike, vipande vidondoke karibu nawe. Ukitaka kuongea, ongea chini chini kwa lugha mnayotumia nyumbani, kama unapiga soga na mtu. Atajitokeza, atarudi, atazunguka nyuma yako akunuse. Hapo ndipo watu huharibu: wanageuka na kumrukia. Usijitikise. Mbwa aliyekwisha kunusa vizuri mara nyingi hubadilika ghafla, mkia unashuka na kuanza kutikisika, wengine hulia kabisa. Mwache yeye ndiye aguse mkono. Kisha mvishe kitanzi cha kamba ya nailoni iliyo laini, unene kama kidole kidogo, ulichokwisha kukiandaa mapajani, kikaze polepole, na jifunge ncha ya pili kiunoni au mkononi. Usimshike ngozi ya shingo. Mbwa mwenye woga hujigeuza na kung'ata hata mkono anaoupenda, kisha umempoteza tena na sasa una jeraha.

Kama nyumbani kuna mbwa mwingine aliyezoeana naye, mlete siku ya pili au ya tatu akiwa kwenye mnyororo imara. Huyo hufanya kazi kuliko sauti yako.

Jambo la kuchekesha ambalo halichekeshi: mtu aliyejificha vichakani alfajiri na kamba mkononi huitwa mwizi, na unajua tunavyowatendea wezi. Kwa hiyo kabla ya yote hayo pita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, wa kwako na wa upande wa pili wa bonde, uwaeleze saa utakazokuwapo. Waombe watangaze kwenye kizindalo, kile kipaza sauti cha mtaa, kwamba mbwa akionekana asifukuzwe. Waambie pia wachunga ng'ombe na wakata mafunjo. Hao hushinda bondeni mchana kutwa na wataona kabla yako.

Bango lako lisomwe na mtu aliye juu ya boda inayokwenda. Mistari mitatu ya herufi kubwa inatosha: EMBWA EBUZE kwa Kiganda, chini yake MBWA AMEPOTEA, kisha namba mbili za simu. Picha iwe ya mwili mzima, ya ubavuni, si ile ya uso akiwa mdogo. Na sentensi moja ambayo wengi huisahau: USIMKIMBIZE, PIGA SIMU. Tia karatasi kwenye mfuko wa plastiki, mdomo wa mfuko ukiangalia chini ili mvua isiingie. Bandika kwenye steji za boda, bucha, vibanda vya chapati na kuku wa kuchoma, kisimani, kwenye geti la shule, na mkabidhi kila askari wa zamu ya usiku nakala moja. Askari wa usiku ndio wenye mji saa ambazo mbwa anatembea. Majirani Waislamu wengi hawatataka kumgusa mbwa, na mate yake kwao yana hukumu yake, usiwaombe wamkamate. Waombe wapige simu tu waseme alikuwa wapi na saa ngapi, jambo ambalo kwa kweli ndilo unalotaka kutoka kwa kila mtu.

Kuhusu zawadi, andika kwamba ipo, usitaje kiasi. Ukiandika nusu milioni, kesho bonde litajaa vijana wenye nyavu, na mbwa atakuwa kwenye barabara ya Namugongo. Zaidi ya hapo, ficha alama moja kwenye picha na maelezo: kucha moja nyeupe, kovu, doa ndani ya sikio. Hiyo ndiyo mizani ya simu kama ile ya Mukono. Anayepiga kweli atakutumia picha ya leo, au atakubali kupiga simu ya video, na akiulizwa kucha ya mguu wa nyuma ina rangi gani atainama aangalie. Tapeli atakuambia simu yake haina kamera, mbwa ni mgonjwa, na boda imeshawaka inasubiri nauli. Wako ulimwona jana bondeni, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Hata kwa simu zijazo, fedha hutolewa mkono kwa mkono, mbwa akiwa mbele yako, mahali penye watu. Ihifadhi namba ile uipeleke polisi unapokwenda kuripoti upotevu. Ripoti hiyo iwe na namba ya kumbukumbu. Itakusaidia kuthibitisha umiliki ikiwa atakutwa nyumbani kwa mtu.

Piga simu pia ofisi ya mifugo ya manispaa, kliniki za wanyama zilizo karibu, na chama cha kutunza wanyama cha USPCA chenye kituo chake kiitwacho The Haven. Ofisi ya mifugo waulize jambo moja mahususi: kuna zoezi lolote la kukamata au kuwaua mbwa wanaozurura katika kata yako wiki hizi? Mahali pengi Uganda, kichaa kikitangazwa, mbwa wasio na mwenyewe hutegewa nyama yenye sumu usiku, na nyama haiulizi nani ana mwenyewe. Wape maelezo ya mbwa wako na bonde alipo. Ukimkuta amekakamaa, anapata mishtuko kila anaposikia sauti, hiyo inaweza kuwa sumu. Usimnyweshe maziwa, maziwa hayaondoi sumu, na mnyama mwenye degedege huyavuta yakaingia mapafuni. Mfunike asione mwanga, pasiwe na kelele, mfikishe kwa daktari dakika hizo hizo.

Na akikataa kusogea? Mpe siku tano hadi saba za subira hiyo kabla ya kufikiria mtego. Mtego unaofaa ni kizimba cha chuma cha urefu wa sentimita 120 hivi, upana 50, kimo 60 au zaidi kidogo kwa mbwa mkubwa. Mafundi wa kuchomelea wa Katwe, Kampala, au wa mtaani kwako watakitengeneza. Mlango uwe wa kuteremka, unaoshikiliwa na kamba ndefu iliyo mkononi mwako. Ule wa kujifyatua wenyewe hukamata mbuzi, watoto, na mbwa wa jirani. Sakafu ifunikwe nyasi, kwa kuwa mbwa hukataa kukanyaga nondo. Siku mbili za kwanza acha mlango wazi kabisa ale atoke. Siku ya tatu ndipo uvute, akiwa ameingia hadi mwisho. Kamwe usitumie kitanzi cha waya kile cha wawindaji. Hukata mguu au shingo, na aliyenaswa usiku hukutwa amekufa.

Mtu atakushauri ununue vidonge vya usingizi umtilie kwenye chakula. Kataa. Hujui uzito wake wa sasa, hujui amekula kiasi gani, na dawa hizo hazimlazi pale alipo. Atakula, ataondoka, na nusu saa baadaye atakuwa anayumba kati ya maji na barabara. Wakati wa kumwita daktari wa mifugo aje mwenyewe mahali hapo ni huu: ukiona anachechemea vibaya, ana jeraha lenye funza, anatokwa na mate au anashindwa kusimama, au wiki imepita na hasogei. Kama ana dalili hizo za mate na kuyumba, wewe usimguse kabisa. Waachie wenye chanjo na vifaa.

Akifika nyumbani, geti likifungwa ndipo kamba ilegezwe. Usimpige, hataelewa kuwa ni kwa ajili ya kutoroka, ataelewa kuwa kurudi kuna kipigo. Mpe chakula kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, siku mbili tatu za kwanza. Tumbo lililokaa tupu likijazwa ghafla huharisha, na kwa aliyekonda sana mwili mzima unaweza kuvurugika. Mtoe kupe, hasa ndani ya masikio na katikati ya vidole. Wiki mbili zinazofuata tazama ufizi na mkojo: ufizi mweupe, mkojo mwekundu kama chai ya rangi, au damu puani, ni magonjwa ya kupe, na hayo hayangoji Jumatatu. Kama ana alama ya kung'atwa na mnyama usiyemjua, daktari atamrudishia chanjo ya kichaa papo hapo, kisha akae chini ya uangalizi siku 45 ikiwa chanjo zake za awali zilikuwa hai. Kwa kuwa ni dume ambaye huenda hakuhasiwa, miezi michache ijayo kagua uume wake. Uvimbe unaotoa damu, wenye sura ya koliflawa, ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana na mbwa wa mtaani. Inaonekana kutisha lakini wengi hupona kwa sindano za kila wiki, kama nne hadi sita.

Kola ilimkwaruza kwa sababu ilikuwa imekaza au ilikaa na unyevu. Nunua ya nailoni pana, ipishe vidole viwili vyako bila kulazimisha, ivuliwe na kukaushwa akioga au akinyeshewa. Kibati kiwe cha chuma kilichochongwa namba mbili za mitandao miwili, kipigiliwe riveti na fundi viatu, maana pete zile nyembamba hufunguka. Kola yenye kifaa cha kuonyesha mahali ni nzuri kwa mwenye nazo, ila inahitaji laini yenye bando na kuchajiwa kila siku chache; ikizimika ni pambo tu. Kuhasi kutapunguza safari za kufuata majike, na nakushauri ufanye, lakini hakutibu hofu ya fataki. Hiyo inatibiwa kwa chumba cha ndani, madirisha yamefungwa, redio imewashwa tangu jioni, na dawa ya wasiwasi iliyoandikwa na daktari wiki kadhaa kabla ya Desemba kwisha. Kagua pia ukuta kwa ndani. Mara nyingi utakuta alama za kucha juu ya banda, kwenye rundo la matofali au kwenye jukwaa la tangi la maji: alikuwa na ngazi mliyomjengea wenyewe.

Siku utakapompeleka kliniki, omba chipu isomwe mbele yako. Mashine ipitishwe mabegani, kisha ishuke hadi kwenye viwiko vya mbele, kwani huteleza chini ya ngozi ikahama, na za zamani zenye mawimbi tofauti hazisomwi na kila mashine. Nakili tarakimu zote 15 kwenye kadi ya chanjo, uulize zimeandikishwa kwa simu ya nani, na kama bado ni ya muuzaji, usiondoke dirishani kabla haijabadilishwa.